Nembo ya iPhone au alama ya biashara?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Ninaandika makala kuhusu iPhone ilivyotoka mara ya kwanza na ugomvi wa Apple na Cisco, kampuni ya Marekani ya vifaa vya mtandao. Niliandika hivi: "Mapokeo ya umma yalikuwa makubwa, lakini siku ya pili Cisco ikaishtaki Apple kwa kuiba nembo ya iPhone. Mshtakiwa alikana." Mhariri amefuta "nembo" akaweka "alama ya biashara". Mimi naona nembo ni neno fupi na la Kiswahili safi. Nani yuko sahihi? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Marahaba. Mhariri wako yuko sahihi, na tukio ulilolichagua ndilo linaloonyesha vizuri kwa nini.

Nembo ni kitu cha kuonekana kwa macho. Kamusi za zamani zinalieleza neno hili kuwa ni chale au alama za mwilini za kumtambulisha mtu na kabila lake. Maana hiyo ya kuchorwa haijaliacha hadi leo. Tukisema nembo ya taifa la Tanzania tunaiona ngao, pembe za ndovu, mwanamume na mwanamke. Nembo ya shule iko kwenye mfuko wa shati. Kwa hiyo msomaji akikutana na "nembo ya iPhone", akili yake itakimbilia kwenye lile tufaha la Apple lililong'atwa, atadhani Cisco ilidai mchoro ule.

Cisco haikudai mchoro wowote. Ilidai jina. Jina iPhone lilikuwa limeombewa usajili Marekani mwaka 1996 na kampuni ndogo iitwayo InfoGear. Cisco iliinunua InfoGear mwaka 2000, na jina likaja pamoja na mali nyingine. Desemba 2006 kitengo chake cha Linksys kikatoa simu za kupiga kupitia intaneti kwa jina hilohilo. Tarehe 9 Januari 2007 Steve Jobs, mkuu wa Apple, akapanda jukwaani San Francisco na iPhone yake, na kesho yake Cisco ikafungua kesi. Hakuna picha hata moja katika ugomvi huo. Ni herufi sita zinazotamkwa.

Alama ya biashara ni pana zaidi. Inaweza kuwa neno, jina, mchoro, au vyote kwa pamoja. Tanzania sheria yake ni ya mwaka 1986, Sheria ya Alama za Biashara na Huduma, na BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, ndiyo inayosajili. Nembo ikisajiliwa huwa alama ya biashara, lakini si kila alama ya biashara ni nembo. Na usilione neno "biashara" kuwa ni mzigo wa bure hapo. Alama hulindwa kwa aina fulani ya bidhaa au huduma, na hapo ndipo Apple ilipojishikiza: ilijibu kwamba yenyewe ndiyo ya kwanza kulitumia jina iPhone kwa simu ya mkononi. Ukiondoa "biashara" utetezi huo haueleweki.

Ukitaka mahali ambapo "nembo" ingekufaa kabisa, usiende mbali. Apple hiyohiyo iligombana kwa miaka mingi na Apple Corps, kampuni ya muziki ya Beatles, nayo ikiwa na tufaha lake. Mwaka 2006 mahakama ya London iliamua kama Apple ya kompyuta iliruhusiwa kuweka tufaha kwenye duka lake la muziki la intaneti, ikaipa ushindi. Hapo andika "nembo ya tufaha" bila wasiwasi. Wagombanao hao walitangaza kupatana Februari 2007, mwezi uleule Apple ilipopatana na Cisco, kwa hiyo wanaoandika habari za kipindi hicho huchanganya kesi mbili. Neno moja sahihi lingewaokoa.

Naomba pia usije ukaandika "hakimiliki" kwa kukwepa urefu. Naliona kosa hilo karibu kila wiki na linaniuma. Hakimiliki ni ya mtunzi: wimbo, kitabu, picha. Mvumbuzi wa kifaa hupewa hataza. Jina la simu haliingii kwenye lolote kati ya hayo mawili. "Chapa" iko karibu, kwa sababu ng'ombe hupigwa chapa ili mwenyewe ajulikane, na leo tunauliza simu ya chapa gani. Lakini chapa ni lugha ya sokoni. Mahakamani wanataka alama.

Mengine mawili ambayo mhariri ameyaacha. "Mapokeo" ni yale tunayorithi kwa waliotutangulia, kama mapokeo ya kanisa. Ulitaka "mapokezi". Hata hivyo, mapokezi "makubwa" hayamwambii msomaji lolote. Sema watu walifanya nini: wapo waliopanga foleni usiku kucha, na wapo waliocheka, akiwamo Steve Ballmer wa Microsoft, aliyeona bei ni kubwa mno kwa simu isiyo na vitufe vya kuandikia.

Na "mshtakiwa" ni wa kesi ya jinai. Hii ilikuwa kesi ya madai: Cisco ni mdai, Apple ni mdaiwa. "Kuiba" nako kuondoe, kwa sababu kunamfanya msomaji amtafute polisi.

Ningeiandika hivi:

"Simu ilipoonyeshwa tarehe 9 Januari 2007, wengine waliishangilia na wengine waliicheka bei yake ya dola 499 hadi 599. Siku iliyofuata Cisco ilifungua kesi ya madai dhidi ya Apple, ikisema jina iPhone ni alama yake ya biashara iliyosajiliwa. Mdaiwa alikana. Tarehe 21 Februari kampuni hizo zilitangaza kuwa zimepatana, kila moja iwe huru kulitumia jina hilo. Mwisho wa Juni, foleni zilipojipanga nje ya maduka ya Marekani, simu iliuzwa kwa jina lilelile."

Angalia nilivyoandika "jina iPhone". Ungesema "Cisco ilidai iPhone ni yake", msomaji angedhani inagombewa simu yenyewe.