Vishikwambi tunavyo, ila mada za kwetu hazimo

Mwalimu mwenzangu, umesema video mlizoletewa zinaonyesha mito ya mbali, ilhali wewe unataka kufundisha mmomonyoko wa udongo kwa korongo lililo nyuma ya madarasa. Usihangaike kutafuta video ya korongo lako. Haipo. Itengenezeni wenyewe.

Chomeka kigingi mahali pamoja, na picha zote zipigwe kutokea hapo, kwa kimo kilekile, kila wiki na kila baada ya mvua. Ndani ya picha isimame fimbo yenye alama za sentimita, la sivyo mtabaki kubishana kama ukingo umekatika au macho yanawadanganya. Mwisho wa muhula zipangeni kwa tarehe, mzipitishe harakaharaka kwenye kioo cha kishikwambi. Watoto wataona ardhi ikiondoka.

Sauti za wazee nazo ni hazina. Simu ya kawaida inatosha kurekodi, mradi waombwe ridhaa kwanza. Swali liwe moja la kushikika: ulipokuwa mdogo, uliweza kuliruka korongo hili?

Kuhusu ramani, jaribuni OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni. Ilianzishwa mwaka 2004 na yeyote anaweza kuichangia, hivyo njia na visima visivyoonekana humo mtavichora ninyi. Intaneti ikisumbua, programu ya Kiwix inafungua Wikipedia ya Kiswahili bila mtandao, ukishaipakua.

Video ndefu mimi sizipendi. Dakika 3 zikipita, nusu ya darasa iko kwingine. Na sura za watoto zisitoke nje ya shule bila idhini ya wazazi.