Mbwa mwoga wa radi na bakteria wa tumboni

SWALI: Daktari, habari za kazi. Nina mbwa jike wa miaka mitatu. Radi ikipiga anajikunyata chini ya kitanda, anatetemeka, wakati mwingine anaharisha. Muuzaji wa dawa za mifugo kaniambia nimpe unga wa probayotiki, yaani bakteria hai wenye manufaa, eti unatuliza ubongo. Bakteria wa tumboni anafikaje kichwani? Na mtindi wa dukani hautoshi?

JIBU: Hafiki. Yeye anabaki utumboni, kinachopanda ni ujumbe. Njia yake mojawapo ni vegasi, neva ndefu inayounganisha tumbo na shina la ubongo. Mwaka 2011 watafiti wa Cork, Ireland, na wenzao wa Kanada waliwalisha panya wa maabara bakteria aitwaye Lactobacillus rhamnosus JB-1 kwa siku 28. Kisha wakawapandisha kwenye kichanja chenye umbo la msalaba: njia mbili zina kuta, mbili ziko wazi. Panya mwoga hujibanza penye kuta. Waliokula bakteria walitoka zaidi kwenye njia za wazi, na walipotiwa msukosuko homoni ya msongo haikupanda sana kama kwa wenzao. Utamu wa jaribio uko hapa: panya waliokatwa vegasi walilishwa bakteria wale wale na uoga wao haukupungua.

Usikimbilie dukani bado. JB-1 huyo huyo alijaribiwa kwa wanaume 29 wenye afya, matokeo yakatoka 2017: hakuna kitu. Kwa mbwa kuna Bifidobacterium longum BL999, aliyejaribiwa kwa Labrador 24 wenye wasiwasi na wengi wakatulia. Ila waliopima ndio wauzaji, na matokeo ya hivyo mimi siyamezi bila kutafuna.

Soma lebo. Ukikuta "Lactobacillus" tupu, ni kama kuambiwa mgeni wako anaitwa Juma; Juma yupi? Mtindi una bakteria wa kugandisha maziwa, si hao waliopimwa, na ukiwa umetiwa utamu wa zailitoli unaweza kumuua mbwa.

Akiharisha hata siku zisizo na radi, lete kinyesi kipimwe minyoo kwanza. Kwa hofu kali zipo dawa za kumpa siku ya radi yenyewe, ila aonwe kwanza. Unga ukiamua kuujaribu, anza wiki sita kabla ya masika, uandike kila radi ikipiga kajificha dakika ngapi. Usipoona tofauti, acha kuununua.