Kona ya Briji: Hesabu Kabla Hujagusa Karata ya Dami

Barua za safari hii nyingi ni za mikono iliyoharibika mapema, mtu anakuja kulalamika kuhusu triki (raundi ya karata nne) ya tisa wakati kosa lilishafanyika kwenye ya kwanza, au kwenye mnada (kushindania idadi ya triki na turufu) kabla karata haijatua mezani. Nimechagua tano, kila barua inafuatwa na jibu langu. Kwa wanaoanza tu: tunahesabu ree pointi 4, mfalme 3, malkia 2, jeki 1, na kwenye mikono nitaandika A K Q J kama zilivyo kwenye karata zenyewe. Twende.

Shikamoo mwalimu. Nilikuwa Kusini nikafungua 1 bila turufu (tunacheza pointi 15 mpaka 17), patna akaruka mpaka 3 bila turufu, wote wakapasi. Mkono wangu: shupaza A 6 3, kopa K Q 5, uru 9 8 4, pau A K 8 4. Dami (patna wangu, anayelaza karata zake wazi mezani) akamwaga shupaza 7 4, kopa A 8 3, uru A Q J 10 5, pau 9 6 2. Magharibi akaanza na shupaza 5, Mashariki akaweka mfalme, nikala na ree. Nikajaribu finesi ya uru (nikitegemea mfalme yuko kwa Magharibi), mfalme akawa kwa Mashariki, akarudisha shupaza nikaliwa nne mfululizo. Nimeanguka moja (triki moja pungufu) na patna kanuna, anasema tungeenda 5 uru. Ilikuwa bahati mbaya au mimi?

Marahaba. Mfalme wa uru kukaa vibaya ni bahati mbaya, hiyo nakupa. Kuanguka ni wewe, samahani.

Hebu tuhesabu pamoja kabla ya kugusa chochote. Shupaza triki moja, kopa tatu, pau mbili, ree ya uru moja, jumla saba. Unataka tisa (6 na zile 3 mlizotaja). Mbili zinazopungua zitatoka kwenye uru tu, hamna kwingine, na hata finesi ikikataa bado uru inakupa triki nne ukishautoa mfalme. Kwa hiyo uru haikutishi hata kidogo. Kinachotisha ni shupaza, na swali la kujiuliza ni moja: nikipoteza uru, inakwenda kwa nani? Wewe unacheza uru kutoka mkononi kwenda kwa dami, kwa hiyo mfalme akikushinda atakuwa kwa Mashariki, siku zote. Basi mtu wa kumfunga mikono ni Mashariki, na unamfunga kwa kumwachia. Mfalme wa shupaza mwachie apite. Akirudisha shupaza, achia tena. Ya tatu ndo unakula na ree. Magharibi alikuwa na tano Mashariki tatu, si ndiyo? Sasa Mashariki hana tena shupaza hata ya dawa. Piga finesi yako kwa raha, anza na ile 9 ili ikipita ubaki mkononi uirudie, Mashariki akila na mfalme atarudisha kitu kingine na wewe unamaliza na triki kumi. Na kama shupaza zilikuwa nne kwa nne je? Mashariki atakuwa nayo moja ya kurudisha, ila mtapoteza shupaza tatu na uru moja tu, mkataba uko palepale.

Kuna hesabu ya haraka wachezaji wanaitumia hapa: toa kwenye saba idadi ya karata za aina hiyo ulizonazo wewe na dami, jibu ndo mara za kuachia. Mlikuwa na tano, saba toa tano, mbili. Usiifanye msahafu lakini. Kama ungekuwa na A J 3 na unajua triki utakayopoteza inakwenda kwa Magharibi, ule mfalme ungemla hapohapo, manake jeki wako na kile kidogo bado wanakulinda akicheza Magharibi. Na kama kuna aina nyingine inayovuja kuliko ile waliyoanza nayo, usianze kuachia achia, watahamia huko.

Kuhusu patna na 5 uru yake, mwambie ahesabu: mngepoteza shupaza moja, mfalme wa uru, na pau moja. Hizo tatu, mmeanguka. Gemu (mkataba wa pointi 100) ya uru inataka triki 11 na bila turufu inataka 9 (40 ya kwanza na 30 kwa kila inayofuata, jumla 100 kamili), ndo maana mikono ya namna hii tunaielekeza huko tangu Vanderbilt atengeneze hesabu ya pointi za mchezo huu mwaka 1925 akiwa safarini melini. Mnada wenu ulikuwa mzuri. Asinune.

Patna alifungua 1 bila turufu mimi nina shupaza Q 10 8 6 4, kopa 7, uru J 9 5 3, pau 8 6 2. Pointi tatu! Nikapasi kimya, tukaanguka tatu. Sasa ananiambia ningesema 2 kopa. Na kopa moja?? Naona ananitania.

Hakutanii. Hiyo inaitwa transfa, Oswald Jacoby ndo aliyeitangaza sana Marekani. Ukisema 2 uru unamwambia patna nina kopa tano au zaidi, ukisema 2 kopa unamwambia nina shupaza tano au zaidi, naye lazima aseme aina hiyo uliyoonyesha, awe anaipenda au haipendi. Kwa hiyo wewe 2 kopa, yeye 2 shupaza, wewe pasi, mmeishia hapo.

Watu wengi wanafikiri ukiwa na pointi tatu kazi yako ni kukaa kimya usiharibu. Kwenye mkono huu kukaa kimya ndo kuharibu. Bila turufu, mkono wako hauna thamani yoyote, patna hana njia ya kuingia kwako, atacheza peke yake kutoka mkononi mwake kama vile dami amekwenda kulala. Shupaza zikiwa turufu, ghafla 10 8 6 4 zako zinaanza kula: kopa unayo moja, ikishatoka ya pili unakata. Na patna aliyefungua bila turufu hawezi kukosa angalau shupaza mbili, kwa hiyo mna saba kwa uchache na mara nyingi nane. Sisemi mtafanikiwa kila mara. Mna pointi 18 mpaka 20 wao 20 mpaka 22, wakati mwingine mtaanguka moja, lakini kuanguka moja ni bei rahisi kuliko kuanguka tatu.

Na kwa nini usiseme tu 2 shupaza moja kwa moja? Kwa sababu hapo wewe ndo utacheza na mkono wenye nguvu utamwagwa mezani kila mtu anauangalia. Kwa transfa mkono mkubwa unabaki umefichwa na karata ya kwanza ya wapinzani inaingia kwake, yeye ndo wa mwisho kucheza. Faida nyingine ni kwamba siku ukiwa na pointi 9 na shupaza tano utaanza hivyohivyo halafu badala ya kupasi unaendelea. Ila mkubaliane kabla ya kukaa mezani. Patna akisahau akapasi 2 kopa yako, utacheza turufu ukiwa nayo moja, hapo nami sina la kukusaidia.

Nimekariri: ukiwa na karata nane bila malkia piga finesi, ukiwa nazo tisa cheza ree na mfalme malkia aanguke. Juzi Magharibi kafungua 3 kopa, tukaishia 4 shupaza, mimi A J 10 7 5, dami K 8 6 2. Tisa hizo. Nikacheza mfalme, wote wakafuata vidogo, nikacheza tena ndogo kutoka kwa dami, Mashariki kaweka kidogo, nikaweka ree, Magharibi akatupa kopa. Malkia kwa Mashariki. Kanuni imenidanganya?

Kanuni haijakudanganya, umeitumia siku ambayo si yake. Hili swali nimelipenda kweli.

Kwanza ujue ile kanuni ya tisa ina nguvu kiasi gani. Nne ziko nje: Q 9 4 3. Umecheza raundi moja wote wamefuata, raundi ya pili Mashariki kafuata na kidogo cha mwisho, imebaki malkia tu haijulikani iko wapi. Kama mnadani hawakusema chochote, Magharibi ana nafasi 12 za kuiweka hiyo malkia na Mashariki ana nafasi 11, manake Magharibi ameonyesha shupaza moja na Mashariki mbili. Kumi na mbili kwa kumi na moja. Kwa asilimia ni kama 52 kwa 48. Yaani kanuni ambayo watu wanapigania mezani imesimama juu ya nafasi moja tu! Upepo kidogo ukivuma inaanguka.

Na hapa umevuma upepo mkubwa. Magharibi kafungua 3 kopa, tumpe kopa saba. Wewe na dami mna kopa ngapi? Umeandika chini ya barua yako nne. Basi Mashariki ana mbili. Sasa hesabu upya: Magharibi zimembaki karata 6 zisizo kopa, Mashariki 11. Toa zile shupaza zilizoonekana, Magharibi anabaki na nafasi 5, Mashariki 9. Tisa kwa tano, asilimia 64 malkia yuko Mashariki. Ungeweka jeki ungecheka. Hata kama Magharibi ni mjanja wa kufungua 3 kopa akiwa nazo sita, bado ni nafasi 6 kwa 8, finesi inaongoza.

Kwa hiyo mtu akipiga kelele mnadani na aina ndefu, malkia unayemtafuta mtafute kwa mwenzake. Na ulianza vizuri kwa kucheza mfalme wa dami kwanza, manake A J ziko kwako na wa kupigiwa finesi ni Mashariki, ungeanza na ree ungekuwa umejifungia mlango mwenyewe.

Adui wa kulia kafungua 1 kopa. Mimi: shupaza 8 3, kopa K J 9 5, uru A Q 6, pau K J 7 4. Pointi 14, nikasema dabo, patna akasema 1 shupaza na kila kitu kikaenda kombo. Na pointi 14 nilipasije jamani?

Ungepasi tu, tena kwa sauti ileile ya siku zote. Dabo ya hapo haisemi "nina pointi", inamwambia patna achague kati ya aina tatu zilizobaki, na we ukishasema hivyo ina maana utafurahi na yoyote. Shupaza 8 3 utaifurahia vipi? Patna wako hana kosa, kaulizwa kajibu. Mkono wa dabo ni huuhuu ukigeuza shupaza na kopa: shupaza K J 9 5, kopa 8 3, hapo dabo hata ukiwa na pointi 12. Wenye mkono mkubwa sana, 18 hivi kwenda juu, wanaruhusiwa kuanza na dabo kisha waseme aina yao, lakini 14 si huko. Nawe una K J 9 5 nyuma ya kopa zao, waache wacheze hizo kopa zao.

Mimi ndo nacheza mkataba, wa kuanza ni Magharibi, lakini Mashariki akatupa karata mezani kwanza. Meza nzima ikaanza kubishana, mmoja anasema arudishe tu. Sheria inasemaje?

Acheni kubishana muiteni mwamuzi, ndo kazi yake. Wewe mwenye mkataba una njia tano: uikubali na patna wako abaki dami kama kawaida, au uikubali wewe mwenyewe ndo uwe dami, patna acheze, au uikatae na umlazimishe Magharibi aanze na aina hiyohiyo, au umkataze asiicheze aina hiyo mpaka apoteze zamu ya kuanza, au umwachie aanze na anachotaka na ile karata ya Mashariki ibaki wazi mezani kama karata ya adhabu. Ukilazimisha au ukikataza, karata inarudi mkononi mwa Mashariki. Hiyo ya pili watu hawaitumii, ila ukishaonyesha hata karata moja ya mkono wako umeichagua, lazima uzimwage zote. Na patna akiwa na haraka akafungua karata zake wewe ukaziona, chaguo limekwisha, hiyo karata ya Mashariki lazima uikubali, kwa hiyo mwambie atulie mpaka mwamuzi afike.