Kwenye chesi hakuna lazima ya kula

Wengi tunaocheza chesi mtaani hapa Dar tumekulia kwenye drafti, na ni jambo zuri kabisa, mtu wa drafti anajua kuhesabu mbele, haogopi kutoa kete moja apate mbili. Shida ni kwamba drafti kula ni lazima, mkono unazoea, ukiona kete imekaa vibaya ushaikwapua kabla hujamaliza kufikiria. Chesi hakuna anayekulazimisha. Hilo liingie kichwani kwanza kabla hujaanza kukariri mianzo ya gemu.

Juzi kati nilicheza na kaka mmoja pale Sinza, fundi kwelikweli wa drafti, dakika 15 kila mtu, tumewekeana soda. Mi nna nyeupe. Nikaanza na askari e4 (herufi na namba ni anwani ya kisanduku kwenye ubao) akajibu na askari e5, farasi wangu f3, yeye askari d6, askofu wangu c4, askofu wake akaja g4 kumbana farasi wangu mbele ya malkia, nikatoa farasi wa pili c3, akasogeza askari g6. Hapo nikala askari wa e5 kwa farasi yule yule aliyebanwa, malkia nimemwacha wazi. Jamaa hakukaa hata sekunde, akamla malkia, kete ikagonga ubao paa, watu wakashangilia. Nikala f7 kwa askofu, cheki, yaani mfalme wake anashambuliwa. Mfalme hana pengine zaidi ya e7. Farasi wa pili d5, chekimeti, mfalme kashambuliwa na hana pa kukimbilia, gemu limekwisha. D6 kuna askari wake mwenyewe, d8 malkia wake, f8 askofu wake, kwingine kote nimeziba mimi.

Mtego huu ni wa karne ya 18, unaitwa kwa jina la Mfaransa Légal, na mpaka leo watu wananasa. Angemla farasi kwa askari wa d6, mi ningemla askofu wake kwa malkia, nimemzidi askari mmoja tu na gemu linaendelea vizuri.

Kwa hiyo mwenzako akikuachia kete kubwa tulia, tafuta cheki zote atakazoweza kukupa ukishakula, zote, hata zinazoonekana hazina maana. Na mikono weka mapajani, maana kwa sheria za FIDE, shirikisho la chesi la dunia, ukigusa kete ya mwenzako kwa makusudi na inalika, lazima uile, yaani umejirudisha drafti mwenyewe.

Siku hizi mimi na huyo kaka tuna zoezi letu: kabla hujala unataja kwa sauti mwenzako atajibu nini, ukishindwa kutaja, huli. Watazamaji wanalalamika gemu haziishi, sisi tunaendelea tu.