Maisha ya bibi yaandikwe matanga hayajaanuliwa

Huku kwetu Bagamoyo maiti halazwi bila sababu. Mtu akifariki alfajiri, sala ya adhuhuri au alasiri inamkuta msikitini, na jua halijazama ameshazikwa. Hakuna anayesimama kaburini kusoma wasifu. Inasomwa talakini, inaombwa dua, watu wanarudi. Naupenda utaratibu huo na sitaki ubadilishwe. Ila anayetaka maisha ya mzazi wake yasipotee ajue kwamba nafasi ya kuyasimulia haikupangwa popote. Lazima aitafute mwenyewe, na hapati nafasi nzuri kuliko zile siku tatu za matanga. Baada ya hapo wa Dar wanarudi Dar, wa Unguja wanapanda boti, na wote pamoja hamuonani tena hadi arobaini, pengine hadi msiba mwingine.

Katika ukoo wetu hapakuwa na posa iliyojibiwa wala shamba la minazi lililouzwa bila Bibi mzaa mama kuulizwa. Niliyoyajua mimi yalikuwa ya mjukuu tu: vitumbua vya alfajiri, ukili aliokuwa akisuka barazani, ukali wake adhana ikishaadhiniwa. Mengine yote yalikuwa kwa watu wengine, na watu hao wote, alipofariki, walikuwa wamekaa uani kwetu, kwenye mikeka.

Anzeni na tangazo la madeni. Kabla ya mazishi hutangazwa kwamba anayemdai marehemu, au anayedaiwa naye, awaone jamaa. Kwetu karibu wote waliokuja hawakuja kudai. Bibi alikuwa kijumbe, mshika fedha, wa mchezo wa akina mama wa kuchangiana pesa, na mmoja wao, muuza samaki, alileta pesa aliyokopeshwa kununua ndoo yake ya kwanza ya vibua. Nyumbani hakuna aliyewahi kuusikia mkopo huo. Mjomba aliandika kiasi na jina, kama inavyotakiwa. Mimi nilimfuata yule mama nikamuomba anieleze ilikuwaje, naye akanisimulia jinsi Bibi alivyomkuta analia ufukweni baada ya kuachwa na mume, akamuuliza anajua kuhesabu pesa au hajui. Kwa hiyo anayeshika daftari la madeni awe na mwenzake wa kuandika maneno. Deni lina hadithi, na hadithi hiyo mahakama ya mirathi haitaiuliza.

Halafu wasikilizeni watani. Sisi Wazaramo watani wetu ni Wanyamwezi, utani wa tangu enzi za misafara iliyoshusha pembe za ndovu hapa pwani. Mtani wetu mmoja alijifunga kanga ya marehemu, akashika fimbo yake, akapita katikati ya wafiwa akiwagombeza kwa sauti ileile, kila mtu na kosa lake. Watu walicheka na kulia kwa pamoja. Kuna jamaa waliochukia, nami nawaelewa, lakini siku ile mtani alisema kitu ambacho mtoto hawezi kukisema: kwamba Bibi alikuwa mkali, na wapo waliomuogopa. Dini inatufundisha kusitiri aibu za maiti. Ukali si aibu. Ukiufuta, wajukuu wa kesho watarithi bibi ambaye hakuna aliyewahi kukutana naye.

Watoto wake msianze nao. Watoto wanamjua mama, hawamjui msichana. Msichana anajulikana na mashoga zake na, kama bado yu hai, somo wake, yule aliyemfunda. Wapelekeeni kahawa hao, mkae chini, na msiwaulize mwaka, kwa sababu swali la mwaka humfanya mzee aone hajui kitu. Muulizeni: marehemu alikuwa ameshaolewa Uhuru ulipoingia mwaka 1961? Mapinduzi ya Unguja ya 1964 yalimkuta na mtoto wa ngapi mgongoni? Kisomo alianza lini, ule mwaka 1970 ambao Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa wa elimu ya watu wazima, au baadaye? Foleni za sukari na sabuni baada ya vita vya Kagera, nani alikuwa akienda kupanga? Kwa njia hiyo tuliweza kuyapanga maisha ya mtu ambaye hakuwa na cheti cha kuzaliwa. Hata harusi yake tumeipatia majira: shoga yake anakumbuka jahazi la wageni kutoka Unguja lilisukumwa na upepo likatua kaskazini ya mji, kwa hiyo ilikuwa majira ya kusi, upepo utokao kusini.

Kanga zake msizigawe kabla ya kuzitandaza zote. Mama mdogo alizipanga kitandani doti kwa doti, tukazipiga picha kwa simu pamoja na majina yaliyoandikwa juu yake, na kwa kila moja tukauliza nani alinunua na kwa shughuli gani. Kisutu cha harusi kilijulikana mara moja. Moja ilikuwa kipande kimoja tu, na tungeitoa sadaka bila kujua, asingekuwepo bibi wa Kaole aliyesema kipande cha pili kiko kwake. Walishona sare kwa ajili ya maulidi, mvua ikanyesha, Bibi akamvua mwenzake iliyolowa akampa yake kavu, na hawakurudishiana tena.

Lipo jambo moja la kwenda nalo taratibu. Bagamoyo ilikuwa mwisho wa njia ya misafara kutoka Tabora na Ujiji, na wapo wengi ambao bibi wa bibi yao hakufika pwani kwa hiari. Wazee wanajua, hawasemi, na wana sababu. Swali lako likijibiwa kwa kimya au kwa "tulikuwa hapa siku zote", liache. Mzee akiamua kusema, muulize kwanza kama anaruhusu iandikwe, na nani asomewe. Kwetu kuna ukurasa ulioandikwa kwa sharti kwamba usisomwe hadharani maadamu msimuliaji yuko hai, na sharti hilo linatimizwa.

Rekodi za sauti zisikae kwenye simu moja. Mtumieni kila mtoto wa marehemu, na mmoja azihifadhi kwenye kompyuta. Lakini andikeni pia kwenye daftari la karatasi, kila habari na jina la aliyeisimulia pamoja na tarehe, kwa sababu wasimuliaji wawili watapingana na msiwalazimishe kukubaliana. Andikeni zote mbili. Daftari lishikwe na mtu asiye na ugomvi wa mirathi. La kwetu liko kwa mke wa mjomba, na siku ya hitima kila anayetaka kuongeza neno humwendea yeye.