Tambi za kamba za haraka

Dada, pole na kazi. Unafika nyumbani saa moja usiku, watoto wana njaa, na kamba wako kila mara wanakuwa wagumu kama mpira. Hiyo ni kwa sababu wanakaa motoni mno. Kamba wa wastani wanataka dakika 2 au 3 tu.

Asubuhi washushe kutoka kwenye friza, wayeyukie ndani ya friji. Ukirudi, bandika kwanza maji ya tambi, yenye chumvi ya kutosha. Yakichemka tia tambi, nawe toa ule uzi mweusi wa mgongoni mwa kamba, kisha wakaushe vizuri kwa kitambaa. Wakiwa na maji hawakaangiki. Kikaango chenye mafuta kiwe cha moto, usiwarundike. Wakibadilika rangi pande zote, epua, weka pembeni.

Mafuta yaleyale kaangia kitunguu saumu, pilipili na nyanya, mimina tui zito. Ukichuja tambi, bakiza kikombe cha maji yake, uyatie kwenye mchuzi pamoja na tambi: yana wanga, yanafanya mchuzi ushikane na tambi. Kamba warudi mwisho kabisa, kamulia ndimu, pakua. Jibini mimi siweki, inafunika utamu wa kamba.