Usiku wa Nyota kwa Wanafunzi: Tarehe Ipi Inafaa?

Swali: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Wapenzi wa elimu ya nyota wamekubali kutuletea darubini zao, nao wameniachia nichague tarehe. Je, usiku wa mwezi mpevu haufai zaidi, kwa kuwa watoto wataona njia?

Jibu: Mwalimu, ninakushauri uuepuke, kwa sababu mwanga wa mwezi mpevu hufifiza nyota nyingi, na mwezi wenyewe, ukimulikwa na jua moja kwa moja, huonekana bapa. Chagua siku ya 6 au ya 7 tangu mwezi kuandama: mwezi nusu huwa juu angani jua linapotua, na kwenye mpaka wa nuru na giza vivuli virefu hudhihirisha kingo za mashimo yake, jambo ambalo, kwa maoni yangu, humvutia mtoto kuliko maelezo yoyote. Waulize wageni wako iwapo sayari ya Mshtarii (Jupita) itaonekana jioni hiyo, maana hata darubini ndogo huonyesha miezi yake 4 mikubwa, ambayo Galileo, mwanasayansi wa Italia, aliiona mwaka 1610. Kuhusu njia, tochi zifunikwe kwa karatasi nyekundu, kwa kuwa macho huhitaji dakika 20 hadi 30 kuzoea giza, na mwanga mwekundu hafifu hauyaondolei sana mazoea hayo. Mtoto yeyote asiikaribie darubini kabla jua halijazama kabisa, kwani kulitazama jua kupitia darubini kunaweza kumpofusha.